Mtu Yuko Ndani

Mimi ni mjukuu wa mshika funguo na mwana wa karani wa vizazi na vifo. Babu yangu alishika funguo za maghala ya nafaka kwa miaka thelathini na miwili, na siku alipozirudisha zilihesabiwa mbele ya watu, ikaonekana hata uzi aliofungia vibandiko haukupungua. Baba yangu aliandika majina ya waliozaliwa na waliokufa kwa mwandiko uliolala upande mmoja kama mpunga uliopigwa na upepo. Alipokosea hakufuta. Alipiga mstari mmoja juu ya kosa, akaandika lililo sahihi pembeni, akatia sahihi yake, ili kila atakayesoma ajue kwamba alikosea na kwamba alijirekebisha. Katika ukoo wetu hakuna aliyepata kuitwa mbele ya baraza kujibu shtaka. Nayasema haya si kwa kujivuna, ingawa najivuna. Nayasema ili msomaji ajue nilikuwa nimebeba urithi wa namna gani siku nilipoketi mbele ya tume ya uchunguzi, nikasema kweli iliyokuwa na uongo tumboni.

Nilikuwa mwangalizi wa kompyuta katika ghala kuu la dawa na chanjo. Tulikuwa wawili katika chumba cha mitambo: mimi na mwenzangu tuliyemwita Mluzi, kwa kuwa alipiga mluzi alipofikiri, alipotembea, na hata alipokula. Mluzi alifariki kazini. Mimi nilistaafu kwa heshima, nikapewa saa ya ukutani na hotuba ndefu. Leo kiti changu kinakaliwa na mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza, na kwa hilo pia najivuna.

Mwaka huu uongozi wa ghala ulimwagiza ahamishe kazi zote za saa kutoka utaratibu wa kale kwenda utaratibu mpya. Asiyeijua kazi hii na aelewe hivi. Mashine kubwa ina shughuli zake za kila siku zisizongoja mtu kuziamuru: kunakili orodha za dawa, kusoma joto la vyumba, kuondoa mafaili yaliyopitwa na wakati. Zamani shughuli hizo zilikuwa mikononi mwa programu iitwayo kroni. Kroni ni mtumishi wa kale. Unamwachia karatasi moja, kila mstari una saa yake na amri yake, naye kila dakika huipitia, na saa ikifika hutekeleza bila kuuliza. Amri ikitoa maneno, humpelekea mwenye karatasi kwa barua. Isipotoa neno, naye hunyamaza. Sisi wa zamani tulisema kimya ni salama, na tukawafundisha vijana wetu hivyo.

Mjukuu wangu alikuja nyumbani Jumatatu asubuhi, akanikuta nakung'uta viatu.

"Babu, karatasi yako ina mistari arobaini na mmoja, na hakuna hata mmoja wenye maelezo. Ulikuwa unaandika amri au hirizi?"

"Mwenye akili alielewa."

"Basi mwenye akili mwenyewe kastaafu. Vaa hivyo viatu twende, meneja kakubali."

Nilikwenda kwa furaha, nami sitaficha hilo. Ni nadra mzee kuitwa arudi kwenye kiti chake. Chumba kilikuwa kilekile: chembamba, chenye mvumo wa feni, na dirisha dogo la kioo linalotazama ukumbi unaoshuka kwenye chumba cha baridi, mahali zinapohifadhiwa chanjo zisizovumilia joto. Nilipoketi, nilisikia mluzi.

Nilisikiliza kwa makini. Ulikuwa upepo katika tundu la nyaya. Mjukuu wangu hakugeuka.

Alinieleza utaratibu wake mpya kwa nidhamu, naye ana nidhamu kwa sababu nilimlea mimi. Kila kazi sasa ingekuwa na mafaili mawili: moja lieleze linalofanywa, la pili, waliloliita taima, lieleze saa ya kulifanya. Juu ya yote yuko msimamizi wa huduma, programu inayojua kila kazi ilianza lini, iliisha vipi, na itarudi lini. Kazi ikishindwa, hubaki na alama nyekundu mpaka mtu aiangalie. Na kila neno linalotamkwa na kazi yoyote huingia katika daftari la mfumo.

"Kila neno?" niliuliza.

"Kila neno. Kwako wewe, Babu, kila mstari wa tatu unaishia shimoni. Kwangu hakuna shimo."

Shimo ni jina tulilolipa mahali fulani ndani ya mashine ambapo neno likitupwa halionekani tena. Unaongeza alama chache mwishoni mwa mstari, na yote ambayo amri ingesema yanapotea. Lina matumizi yake halali. Lakini aliposema kwamba kwake hakuna shimo, macho yangu yalishuka kwenye karatasi yangu ya kale, kwa maana niliujua mstari wa thelathini na moja.

Tulifanya kazi Jumatatu yote. Yeye alisoma, mimi nilieleza. Huu unasoma joto. Huu unatuma orodha kwa madaktari. Huu uliandikwa kwa ajili ya meneja ambaye alikuwa hasomi ripoti ila zilizopigwa chapa. Alicheka, akaandika mafaili yake mawili, akaufuta mstari wangu, akaenda kwenye unaofuata. Kufikia jioni tulikuwa kwenye mstari wa thelathini. Sikulala vizuri. Asubuhi nilimwambia, tukiwa bado hatujaketi:

"Wa thelathini na moja uache. Ni wa mlango wa chumba cha baridi. Siku hizi mlango una kengele yake ndani, na kitasa kipya. Hauna kazi tena."

"Basi kwa nini bado unafanya kazi kila robo saa?"

"Kwa sababu hakuna aliyeuzima."

"Babu, ni nani aliyenifundisha kwamba usichokijua hukifuti? Ngoja kwanza nikisikie kinasema nini."

Ningeweza kusema wakati huo. Nilikohoa, nikaomba maji ya kunywa.

Aliandika mafaili yake mawili, akayakagua, akaiwasha taima. Saa ya ukutani ilikuwa saa nne na dakika kumi na mbili. Tulikaa tukitazama kioo cha kompyuta. Ilipotimia saa nne na robo, daftari liliandika mstari mmoja:

ONYO: mtu yuko ndani ya chumba cha baridi. Kadi 17. Dakika 9885310.

Mjukuu wangu hakusubiri kusoma mpaka mwisho. Aliona maneno "mtu yuko ndani", akatoka mbio, na kupitia dirisha dogo nilimwona akishuka ukumbini huku akimwita mtunza ghala. Nilimfuata kwa miguu yangu ya uzee. Nilijua hayumo mtu, na hata hivyo nilikwenda upesi kuliko nilivyokwenda siku ile ambayo mtu alikuwamo.

Mtunza ghala ni mtu mnene mwenye utani. Alikuwa amesimama mlangoni na funguo kiunoni.

"Nani kaingia?" mjukuu wangu alimuuliza.

"Hajaingia mtu. Labda mashine yako imeingia kujipoza."

"Fungua."

"Dada, tangu asubuhi nimekaa hapa kama mkwe, sijaondoka."

"Fungua, nimesema."

Alifungua. Mvuke mweupe ulitambaa sakafuni ukatufikia miguuni. Mjukuu wangu aliingia, akapita kati ya rafu, akainama nyuma ya kila safu ya maboksi. Nilibaki nje. Sijaingia katika chumba kile tangu siku tuliyomtoa Mluzi.

"Hakuna mtu," alisema alipotoka, kope zake zikiwa na umande. "Kadi namba kumi na saba ni ya nani?"

Mtunza ghala aliacha kutabasamu. "Hakuna kadi kumi na saba. Nilipoajiriwa niliuliza mbona namba zinaruka kutoka kumi na sita kwenda kumi na nane, nikaambiwa nisiulize mara ya pili." Alinitazama mimi, si mjukuu wangu. Kisha aliurudisha mlango, akachomoa shada la funguo kiunoni, akalitundika kwenye msumari. "Leo atafunga mwingine."

Tuliporudi chumbani ilikuwa imetimia saa nne na nusu, na daftari lilikuwa limeandika tena. Mtu yuko ndani. Kadi 17. Dakika zilikuwa zimeongezeka kumi na tano. Safari hii mjukuu wangu alizisoma, akazigawa, akafikia miaka kumi na minane na miezi tisa, yaani siku za kifo cha Mluzi.

"Hii ni kadi ya Bwana Mluzi," alisema polepole. "Aliigusa mlangoni akiingia. Hakuigusa akitoka."

"Hakutoka kwa miguu yake."

"Kwa hiyo miaka yote hii, kila robo saa, mashine imekuwa ikisema yuko ndani."

"Ndiyo."

"Na siku yenyewe pia ilisema?"

Alifungua karatasi yangu ya kale, akasogea karibu na kioo, akaufuata mstari wa thelathini na moja kwa kidole mpaka mwisho. Aliiona ile alama ya shimo. Kisha akatazama tarehe ambayo karatasi ilibadilishwa kwa mara ya mwisho kabla ya kifo kile, kwa sababu nakala za zamani zote zimehifadhiwa, nami ndiye niliyeamuru zihifadhiwe. Wiki tatu kabla.

Sasa nieleze kisa kama kilivyokuwa. Kila aingiaye chumba cha baridi hugusisha kadi mlangoni, na huigusisha tena atokapo. Akizidisha nusu saa, mstari ule hutoa onyo, kroni hulituma kwa barua, na barua ikifika, kengele ndogo hulia mezani petu. Lakini wafanyakazi walikuwa wakitoka na maboksi mikononi, wakisahau kadi. Kengele ililia mara thelathini, mara arobaini kwa siku, na kila mara hapakuwa na mtu. Mimi nilikereka. Mluzi hakukereka. Kila ilipolia aliinuka, akashuka, akafungua mlango, akarudi akipiga mluzi. Nilimwambia anajichosha bure. Alinijibu, "Mwenzangu, kuna siku atakuwa mtu kweli."

Alipokwenda likizo ya siku nne, niliutupa mstari ule shimoni. Ilikuwa kazi ya sekunde kumi. Aliporudi aliketi, akasikiliza, akaniuliza, "Kengele imepona?"

Nikamwambia, "Watu wamejifunza kugusa kadi."

Alifurahi. Alisema tunapaswa kuwapongeza.

Wiki tatu baadaye aliingia mwenyewe kukagua kipimajoto. Kitasa cha ndani kilikuwa kibovu, nasi sote tulijua. Fundi alikuwa ameahidi kuja. Mluzi aliingia hata hivyo, na mlango ukajifunga nyuma yake. Hakuwa mzembe. Aliingia akiamini kwamba nusu saa ikipita kengele italia mezani pangu, nami nitashuka. Aliigusisha kadi saa tisa na dakika tano alasiri. Mimi nilikaa mpaka saa kumi na moja, nikifurahia utulivu, nikadhani ametangulia nyumbani. Tulimkuta asubuhi.

Tume iliniuliza kama mfumo wa tahadhari ulikuwa ukifanya kazi siku hiyo. Nikasema ulikuwa ukifanya kazi. Rekodi za kroni zilionyesha kwamba amri ilitekelezwa kila robo saa, bila kukosa hata mara moja. Hapakuwa na uongo katika rekodi hizo. Lawama iliangukia kitasa. Nami sikuthubutu kuliondoa shimo, nikihofu mabadiliko yataonekana. Kwa hiyo nililiacha, na mashine ikaendelea kuita.

Mjukuu wangu aligeuza kiti akanitazama. Uso wake ulikuwa umenyauka kama wa mtu aliyefunga siku tatu.

"Babu, nani aliweka shimo hapa?"

Ndipo akafanya jambo ambalo sitalisahau. Alinifungulia mlango wa kutorokea.

"Mlikuwa wawili," alisema, akitazama sakafu. "Wote mlikuwa na ruhusa. Huenda ni Bwana Mluzi mwenyewe aliyechoshwa na kelele."

Mluzi asingeweza kukana. Mjane wake asingejua. Jina la mshika funguo na jina la karani yangebaki safi, na huyu binti angeendelea kuniamkia kila asubuhi kama alivyoniamkia tangu alipojua kusema. Nilifungua kinywa. Nasema kweli: nilikifungua ili niseme ndiyo, huenda ni yeye.

Nikausikia mluzi tena katika tundu la nyaya, mwembamba, wa mtu anayeshuka ngazi kwenda kuangalia jambo ambalo mwenzake amelipuuza. Safari hii mjukuu wangu aligeuka.

"Ni mimi," nilisema. "Yeye hakujua. Aliniuliza nami nikamdanganya."

Hakulia wala hakunikemea. Alifunga kioo. "Basi mkewe atasikia kutoka kwako, kabla hajasikia kutoka kwangu. Maana mimi lazima niandike ripoti, Babu."

"Iandike."

"Nitaandika jina lako."

"Liandike kamili."

Mjane wa Mluzi ni fundi cherehani. Tulimkuta mchana huohuo akikunja upindo wa sare za shule, sindano tatu zikiwa zimechomekwa kifuani mwa gauni lake.

"Karibu, shemeji. Umepotea kama sindano kwenye majani. Na huyu ndiye mjukuu? Kaa, mwanangu, ondoa hayo mashati."

"Nitasimama, shemeji," nikasema, nikamweleza. Nilimweleza kwa mpangilio, bila kupunguza, nikitaja shimo, likizo, kengele, na jibu nililompa mumewe. Mguu wake ulikuwa bado juu ya kanyagio la cherehani, lakini gurudumu lilikuwa limesimama.

"Mashine ilikuita mara ngapi?" aliuliza hatimaye.

Nilikuwa naijua hesabu hiyo kwa moyo. "Kuanzia saa kumi kasorobo alasiri hadi tulipofungua, saa moja na nusu asubuhi. Mara sitini na nne."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Mara tano nilikuwa mezani. Ya sita nilikuwa natoka mlangoni."

"Miaka yote hii nimejiuliza kama alipiga kelele," alisema. "Usiku huo nilimpikia, nikamfunikia chakula, nikakasirika. Nilidhani yuko na wewe mnazungumza, maana alikuwa akikupenda." Kisha akamgeukia mjukuu wangu. "Huko kwenye mashine, bado iko inaita?"

"Bado, Bibi. Naweza kuizima sasa hivi kwa amri moja."

"Usiizime. Nataka nisikie."

Alikuja Jumatano, amevaa gauni la kijivu lililopigwa pasi kwa uangalifu. Mtunza ghala alisimama alipomwona, akavua kofia. Mjukuu wangu alimpa kiti changu. Nilisimama nyuma, karibu na mlango. Mjukuu wangu alikuwa ameirudisha ile kengele ndogo mezani na kuiunganisha na onyo, ili lisikike.

Saa nne na robo kengele ililia. Sauti yake ilikuwa ileile. Mjane alisoma maneno kwenye kioo kwa sauti, taratibu, mpaka dakika ya mwisho. Alikaa mpaka saa nne na nusu, ikalia tena. Akakaa mpaka saa tano kasorobo, ikalia tena. Alingoja mara sita, na kila ilipolia alinyanyua kichwa akanitazama, kisha akakirudisha kwenye kioo.

Baada ya ile ya sita alimwambia mjukuu wangu, "Sasa mtoe."

"Mfumo unataka saa ya kutoka, Bibi. Niandike saa ngapi?"

"Muulize babu yako. Yeye ndiye aliyemfungulia."

Nikataja tarehe, nikasema saa moja na nusu asubuhi. Mjukuu wangu aliandika. Robo saa iliyofuata kengele haikulia, bali daftari liliandika kwamba kazi imetekelezwa, kwamba milango imekaguliwa, na kwamba hakuna mtu ndani. Alikuwa ameipanga hivyo: hata pasipokuwa na jambo, iseme kwamba hapana jambo.

Mjane alipoondoka hakunipa mkono. Hakuniambia amenisamehe, nami sikumwomba. Ripoti iliandikwa na kusomwa, picha yangu ikaondolewa katika ukumbi wa wastaafu, nikaitwa mbele ya baraza la nidhamu nikajibu. Mwanangu wa kwanza hajazungumza nami tangu hapo, na ndugu zangu wananiuliza kwa nini sikunyamaza, ikiwa nilikuwa nimebakiza miaka michache tu ya kuishi. Mjukuu wangu huja kila Jumapili. Bado ananiamkia, lakini sasa husubiri kidogo kabla ya kusema, nami nasikia kule kusubiri. Na nyumbani, panapokuwa kimya sana, nausikia mluzi ukishuka ngazi ambazo nyumba yangu haina.

Ninyi vijana mnaohamisha kazi hizi leo, nisikilizeni. Siwaombi, nawaamuru, kwa umri nilionao na kwa aibu niliyoilipia. Msihamishe mstari bila kuusoma hadi mwisho wake. Msikubali mkubwa yeyote awaambie, "Huo uache," hata kama ndiye aliyewafundisha kusoma, hata kama ni babu yenu. Onyo likiwakera kwa sababu ni la uongo mara thelathini, rekebisheni kinacholifanya liwe la uongo, msilizibe mdomo. Na ikiwa yupo miongoni mwenu ambaye tayari amekwisha kuliziba, na mwenzake akamuuliza asubuhi ya leo kama kengele imepona, asingoje jioni. Ainuke alipo, akamwambie.